Amri Haivuki Bwawa kwa Sauti

Nyinyi vijana mliovaa majoho mwaka huu, mkapigwa picha na mama zenu, na sasa mnangoja kuitwa kazi ya utrenii, mimi nawajua kabla hamjafika. Nimewapikia wenzenu tangu nywele zangu nyeusi mpaka zikageuka pamba. Shule nilikomea darasa la nne hapa Golbanti. Mpunga ulikuwa umeiva na ndege walikuwa wengi, baba akasema huyu mtoto ana mkono wa kombeo, nikatolewa darasani nikalinde shamba. Kwa hiyo mwandiko wangu msiucheke. Lakini majina sisahau. Matrenii wote waliolala katika nyumba ya kampuni nawataja mmoja mmoja, na nani hakuweza kumla kambale kwa sababu ya zile sharubu, na nani alilia siku ya kwanza akasema ni moshi wa jiko, na jiko lenyewe lilikuwa la gesi.

Jumapili iliyopita, tukitoka kanisani, binti wa Mama Dhadho alinishika mkono. "Bibi, nimeitwa usaili wa utrenii. Nitarajie nini huko?" Nikamwambia nitaandika, maana jambo lenyewe ni refu na jua lilikuwa kali. Ndiyo haya.

Kampuni yetu ilikuwa ya mpunga, chini ya Garsen, katika bonde ambalo mto ukijaa hulidai. Kila msimu gari lilileta trenii mmoja au wawili kutoka bara, wamevaa viatu vyeupe. Kwenye barua zao waliandikwa mameneja wanagenzi. Mimi nilipika, nikafua mashuka, nikafagia, nikasikiliza. Mpishi husikia mengi kuliko anayoulizwa.

Basi siku ya kwanza utapewa buti za mpira za mtu aliyeondoka. Zitakubana au zitakupwaya, na ndani utakuta soksi yake moja. Zivae. Utaitwa bosi na mwanamume wa rika la baba yako, naye atacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Itika tu. Ulidhani utakaa ofisini. Utapelekwa stoo kupanga magunia, na ukianza kumjua mtu wa stoo na watoto wake utahamishiwa kinuni, na ukilizoea vumbi la kinu utatupwa mashambani kwenye maji. Wanasema ni ili uzijue kazi zote. Kweli utazijua, lakini hutakuwa na kwenu. Utapewa watu wa kuwaamuru, na hutapewa uwezo wa kumruhusu hata mmoja wao aende kumzika shangazi yake. Na ukimpelekea mkubwa wako tatizo, atalipokea kwa mkono wa kulia akurudishie kwa wa kushoto, na kuanzia hapo ni lako.

Hayo yote yanavumilika. Nilichoshikia kalamu ni kingine.

Lazima kwanza mlijue bwawa. Maji ya mto yalivutwa kwa pampu mpaka kwenye bwawa kubwa, yatulie humo, tope lizame. Upande mmoja wa bwawa ni ofisi na nyumba ya matrenii. Upande wa pili, sawasawa na ofisi, ni lango la chuma la mfereji mkuu. Ukizungusha gurudumu lake, maji yanashuka mferejini kwa kishindo na kwenda mashambani. Kwa macho ni hapo tu. Kwa sauti ni hapo tu. Kwa miguu huna budi ulizunguke tuta lote, na jua la kule mnalijua. Simu nayo langoni haishiki, hata uinyanyue juu ya kichwa kama mtungi.

Mlinzi wa lango alikuwa Mzee Hiribae Jilo. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Mwenyewe alisema anawaona watu kama walio ndani ya maziwa. Gurudumu alilijua kwa mikono. Akiambiwa fungua, anafungua. Akiambiwa funga, anafunga. Hakuwa na kazi nyingine na hakuitaka.

Sasa, aliyenifundisha kazi mimi alikuwa Bi Hawila, mpishi wa kabla yangu, mwanamke mnene mwenye hatua nyepesi, ungemkuta nyuma yako hujui amefikaje. Chakula kikiwa tayari hakuita mtu. Alikwenda kwa kila mmoja alipo, akamwambia. Nikamuuliza, mbona unajichosha? Akaniambia, "Wewe ni mtoto wa mtoni, unaniuliza hilo? Nyumbani kwenu ukitaka kuvushwa, unamwita mwenye mtumbwi kwa jina?"

"Hapana. Tunapunga leso."

"Na kwa nini?"

Sikujua. Tulipunga leso kwa sababu mama zetu walipunga.

"Maji yanayopita," akasema Bi Hawila, huku anachambua mchele, "ukiyapa neno yanalichukua kwenda baharini, likapotelea huko, hakuna neno. Tunapunga leso kwa adabu tu. Lakini haya," akalielekezea bwawa kidevu, "haya hayaendi popote. Yamekaa. Ukiyapa neno yatalifanyia nini?"

Nikacheka. Yeye hakucheka, akaendelea na mawe yake ya mchele.

Bi Hawila akastaafu, matrenii wakaja na kwenda, mpaka akaja Kelvin Barasa. Kijana mzuri yule, nisimseme vibaya. Kifua kipana, sauti ya kengele. Aliingia jikoni kwangu anainua vifuniko.

"Shosho, leo kwa sufuria kuna nini?"

"Kambale."

"Yule mwenye ndevu? Mimi siwezi kula mzee wa watu."

Na akamla, akaomba na kichwa. Kazi aliiweza, ila haraka ilikuwa imemkalia shingoni. Mtakuwa nayo na nyinyi; mnataka waliowaajiri waone. Kelvin aliona kulizunguka tuta kila mara lango likitakiwa ni upuuzi, akachukua kipaza sauti stoo, akawa anasimama kwenye veranda ya ofisi na kuvusha amri. "Mzee Hiribae, fungua lango." "Mzee Hiribae, funga." Sauti ile ilipita juu ya bwawa, ikagonga tuta la ng'ambo, ikarudi. Mimi nikiwa naanika mashuka niliona jambo ambalo sikumwambia mtu: iliporudi ilikuwa safi kuliko ilivyokwenda. Kama chombo kilichosuuzwa.

Siku moja Mzee Hiribae alizunguka yeye, na fimbo yake, kofia mkononi.

"Bwana mdogo, nakuomba uwe unakuja."

"Nikuje kufanya nini, mzee? Si unanisikia?"

"Nakusikia sana. Ndiyo shida."

"Mzee wangu, tukizunguka tuta kila saa, mpunga utaota mvi. Sisi chuoni tumefundishwa kuokoa wakati."

"Ukishauokoa unauweka wapi?"

Kelvin alicheka sana, akampa mkono, akamwitia soda. Na kesho yake akasimama pale pale na kipaza sauti.

Uhamisho nao mwutarajie. Haubishi hodi. Kelvin alikuwa anakunywa chai simu ikalia, na gari likawa mlangoni kabla hajaimaliza. Chapati yake iliyong'atwa upande nilimtupia kuku.

Badala yake wakaleta msichana, Mueni, wa Machakos. Mwembamba, msemaji wa chini chini, ukitaka kumsikia uache kukaanga. Vibarua walimpima kama wanavyompima kila mgeni: walimtuma stoo akachukue ufunguo wa bwawa. Akaenda. Akarudi na kufuli kubwa la stoo amelikumbatia, akawaambia kwa upole, "Ufunguo umepotea, lakini kufuli hili hapa. Nani atanionyesha linapofungwa?" Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Tangu siku ile alikuwa wao. Mkitumwa ufunguo wa bwawa, nendeni tu, ila msirudi mikono mitupu.

Haikupita muda ndipo lilipoanza.

Ilikuwa adhuhuri, ile saa ya jua ambapo hata vyura hunyamaza. Nilikuwa uani na mashuka. Bwawani walikuwapo yangeyange, wale ndege weupe, kila mmoja na shughuli yake. Mara wote wakainua vichwa wakaigeukia veranda ya ofisi. Nikasikia, wazi kabisa, "Mzee Hiribae, fungua lango."

Nikasema, kumbe Kelvin amerudi. Nikabandika maji ya chai. Nikaenda ofisini kumsalimu. Veranda tupu. Ndani hapakuwa na mtu ila kipaza sauti juu ya rafu, mdomo umeelekezwa ukutani.

Ng'ambo maji yalikuwa yanashuka. Mzee Hiribae alikuwa amesikia, akafungua, kama alivyoajiriwa. Na yaliingia katika shamba lililokuwa limekaushwa tayari kwa kuvunwa.

Meneja mkuu wetu, Bwana Tsuma, alimwita Mueni. Mlango ulikuwa wazi na mimi nilikuwa napeleka chai.

"Nani alitoa amri?"

"Si mimi, bwana."

"Basi nani? Upepo?"

"Wafanyakazi wanasema walisikia sauti ya Kelvin."

"Kelvin yuko Nairobi anakula baridi. Wewe ndiye mwenye lango. Lishughulikie."

Mnaona? Mkono wa kulia, mkono wa kushoto.

Jioni Mueni alikaa jikoni kwangu, akampigia Kelvin, akaifungulia simu sauti ili na mimi nimsalimu. Nilitarajia ile kengele. Kilichotoka kilikuwa mnong'ono, kama wa mtu aliyekaa kando ya mtoto aliyelala.

"Shosho, ni wewe? Samahani, sauti imekatika. Tangu nihamie huku. Daktari ameangalia koo, anasema hakuna kitu."

Mueni akamuuliza kama alimwambia mtu yeyote afungue lango. Kelvin akasema, "Naota nimesimama kwenye veranda. Nafungua mdomo, na mtu mwingine ndiye anayeongea." Akakata.

Asubuhi Mueni alivaa zile buti, akalizunguka tuta. Nilimfuata na uji wa mzee. Tulimkuta amekaa kivulini mwa lango, mikono magotini.

"Mzee, ulijua si Kelvin?"

"Binti yangu, mimi nitajuaje? Macho haya hayafiki ng'ambo. Kazi yangu ni kusikia na kufungua. Nikisikia sauti ya bosi nisifungue, nafukuzwa. Nikifungua kumbe si bosi, siku moja kutakuwa na watu mferejini." Hakupandisha sauti. "Usiku silali nawaza siku hiyo."

Mueni akakaa chini karibu naye, matopeni, na sketi yake. Wakaongea. Mwisho akasema, "Kuanzia leo sauti yangu usiifuate, wala ya mtu mwingine. Nikitaka lango lifunguliwe nitakuja mwenyewe. Nitaweka mkono wangu juu ya wako hapa kwenye gurudumu, ndipo niseme. Pasipo mkono, hakuna neno."

"Na wakikuuliza mbona unapoteza asubuhi yako kuzunguka?"

"Nitasema buti za Kelvin zinataka mazoezi."

Akafanya hivyo. Asubuhi tuta, jioni tuta. Vibarua wakambandika jina, Bosi Tuta. Gurudumu ni zito na mzee alikuwa amechoka, basi hakuishia kuweka mkono, alisukuma naye. Viganja vyake vikatoka malengelenge, yakapasuka, yakawa sugu. Nilimpa mafuta ya nazi ya kupaka. Bwana Tsuma alimwona anapita na jua kichwani akamwambia mbele za watu, "Wazazi walikusomesha chuo kikuu uje uwe tarishi?" Akajibu, "Ndiyo, bwana," akapita.

Sauti ya Kelvin ilikuja bado, adhuhuri moja moja. Ilisema, mzee akainamisha kichwa kuisikiliza, akabaki amekaa. Ikawa inapungua, inakuwa nyembamba. Ikanyamaza. Watu wakasema imekwisha. Mimi kimya kile sikukipenda. Kilikuwa kama kimya cha mtu anayefikiri.

Sasa nakuja kwenye siku yenyewe.

Mfereji ulikuwa umejaa magugu na tope, ukakaushwa usafishwe. Lango likafungwa, bwawa likajaa nyuma yake mpaka ukingo. Wanaume wakashuka na majembe, chini kabisa karibu na lango, mahali ambapo kuta ni ndefu kuliko mtu na ngazi ni moja. Mwanangu Komora, kitinda mimba wangu, alikuwa mmoja wao. Siku hiyo hiyo walikuja wageni wa makao makuu. Ndio waliokuwa wathibitishe kama Mueni atapata kazi ya kudumu au atarudi kwao.

Mimi nilizunguka tuta na beseni la chakula cha vibarua. Nikafika langoni adhuhuri. Mzee Hiribae alikuwa amesimama, mkono mmoja kwenye gurudumu kwa mazoea, kama mtu anayemshika ng'ombe wake. Chini nilisikia majembe na mwanangu anawatania wenzake.

Yangeyange wakainua vichwa. Lakini hawakuitazama veranda. Walitutazama sisi.

"Mzee Hiribae, fungua lango."

Ilikuwa sauti ya Mueni. Ile ya chini chini. Haikutoka ng'ambo, ilikuwa hapo hapo, karibu na bega la mzee, kama yeye mwenyewe alivyozoea kusimama. Niligeuka. Palikuwa na mimi na mzee na jua.

Na mzee, niliona kwa macho yangu, akavisogeza vidole vyake kwenye chuma. Alikuwa anampa mwenzake nafasi.

"Mama Komora," akasema polepole. "Mueni yupo hapa?"

"Hayupo."

"Amesema."

"Nimesikia. Lakini hayupo, mzee. Sioni mtu."

"Kuna mkono juu ya wangu."

Nikatazama. Juu ya kiganja chake chenye mishipa palikuwa na maji. Yametandazika kwa umbo la vidole, na chuma kile kilikuwa cha moto kiasi cha kuchoma, na maji yale hayakukauka.

"Mzee Hiribae, fungua lango," ikasema tena. Kisha, kwa adabu yake yote, "Tafadhali."

Chini Komora akainua kichwa. "Mama, bosi anasema wafungue? Sisi bado tumo."

Kumbe naye amesikia. Nikaona shingo ya mzee inakaza, na gurudumu likalia kidogo, kwii. Mlima ule wa maji nyuma ya chuma chembamba, na mwanangu mbele yake na jembe.

Mzee Hiribae alifumba yale macho yake ya maziwa. Akageuza kiganja taratibu, akaushika mkono ule ulioushika wake. Akaupapasa kwa kidole gumba, kama mnavyopapasa kitambaa dukani. Kisha akasema, si kwa hasira, ni kama anamweleza mgeni njia:

"Mkono huu haujawahi kufanya kazi."

Akaliparamia gurudumu kwa mikono na miguu, akalikalia, akalikumbatia. "Shuka ukawatoe," akaniambia. "Usiwaite. Waguse."

Nilishuka ile ngazi na umri wangu na gauni langu. Sikufungua mdomo. Nilimgusa kila mmoja mgongoni, nikamwonyesha juu kwa kidole, wakaniona uso, wakapanda. Komora nilimgusa mwisho. Alikuwa amesimama analitazama lango kichwa upande, kama anayesubiri kumaliziwa maneno. Nilimsukuma ngazini kwa bega langu. Nyuma yetu sauti ile ilikuwa inaendelea, haichoki, haipandi, fungua lango, tafadhali, fungua lango.

Tulipofika juu Mueni alikuwa anakuja tutani anakimbia, buti zinampwaya. Alifika, akafungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Akajishika koo. Machozi yakamtoka, akajaribu tena, hewa tupu. Basi akaweka mkono wake juu ya mkono wa mzee.

Mzee akaupapasa, zile sugu, lile lengelenge la kidole cha pete ambalo halikupona vizuri. "Huyu ndiye," akasema. Na papo hapo ile nyingine ikakatika katikati ya neno.

Mambo ya ofisini tuliyajua baadaye kwa Dama, msichana wa usafi aliyekuwa akifagia veranda. Bwana Tsuma alitaka wageni wayaone maji yakishuka. Alimpa Mueni kipaza sauti. "Mwambie mzee afungue." Mueni akasema, "Kuna watu mferejini, bwana. Nitakwenda mwenyewe, niwatoe kwanza." Akaambiwa, mbele ya wageni, "Hapa tunatafuta meneja, hatutafuti mtu wa kutembea. Ukishuka ngazi hizo, usijisumbue kurudi." Akakiweka kipaza sauti mezani, akashuka. Na Dama anaapa mpaka leo kwamba hakuna aliyekigusa tena. Lakini wote pale verandani walisikia kutoka ng'ambo sauti ya Mueni ikisema fungua lango, na huku wanamwona mwenyewe tutani, anakimbia, mdomo umefungwa.

Tulipohakikisha hakuna mtu chini, Mueni aliubana mkono wa mzee mara moja, wakasukuma pamoja. Maji yalishuka. Yaligonga kuta zote mbili, yakapita mahali alipokuwa amesimama Komora, yakachukua beseni langu, majembe, na kofia ya mtu. Ng'ambo wageni walipiga makofi. Makofi yale yalitufikia yamechelewa, juu ya maji, na Mzee Hiribae akaziba masikio.

Mueni hakuthibitishwa. Hili nalo mlitarajie, wanangu: unaweza kufanya vizuri ukaondoka. Aliandikiwa kwamba hana sauti ya uongozi. Sauti yenyewe ilimrudia njiani, anasema, gari lilipopita Minjila, alipomwomba dereva apunguze mwendo akajisikia. Siku ya kuondoka vibarua walimbebea sanduku kwa zamu, wakamzungusha tuta lote kwanza ili amuage mzee. Walishikana mikono kwa muda. Leo ni meneja mahali fulani, sikukuu hunipigia, na nasikia wanaomfanyia kazi wanamlalamikia kwamba hana simu ya kazi, wanamwona tu ameshafika.

Kwa hiyo, binti wa Mama Dhadho, na wenzako. Ukipewa watu, nenda walipo. Ukipewa kipaza sauti, kishukuru, kiweke rafuni. Viganja vyako viache viharibike kidogo. Sikuambii utapandishwa cheo kwa hilo.

Mzee Hiribae amekwisha kufa, kitandani kwake, usingizini. Komora ndiye mlinzi wa lango sasa, na matrenii wapya anawafundisha yeye kuweka mkono juu ya wake. Ni mtu mzima, ana mke, anacheka. Ila ukimwita haitiki. Nyumbani hapa nikishapakua naacha mwiko, natembea mpaka alipokaa, namgusa bega. Juzi nilipomgusa hakugeuka. Aliushika mkono wangu, akaanza kuupapasa bila kuutazama, alama za moto za jikoni moja moja, zote, mpaka ile ya zamani kwenye kifundo. Ndipo akashusha pumzi.

"Haya mama, nakuja," akasema. "Yule mwingine alikuwa ameshaniita kwa sauti yako."